Milioni nne za Sultani

Mjomba wangu wa Vanga ana swali lake moja, huniuliza kila nikivuka kwenda kumsabahi: "Mjomba, wale wazungu wako waliokufa bado hujamaliza kuwasoma?" Namjibu bado. Anacheka, anaagiza kikombe cha kahawa kiongezwe, tunahamia kwenye bei ya pweza.

Ana haki ya kucheka. Mimi nimezaliwa Moa, kusini ya mpaka wa Tanzania na Kenya. Yeye naye kazaliwa Moa, ila alioa Vanga akabaki hukohuko. Kwa mashua, upepo ukikubali, ni safari ya asubuhi moja kando ya mikoko. Kwa barabara ni Horohoro, foleni, karatasi, mhuri, Lungalunga, kisha uanze kuteremka tena kuitafuta bahari. Mpaka huo ndio ulionitia hamu ya historia tangu utotoni, na ni huohuo uliokuja kunisuta baadaye kwamba nilikuwa naisoma nusunusu.

Shuleni tulifundishwa wakoloni kama timu za mpira. Sura ya Wajerumani: Carl Peters, mkonge, viboko hamsa ishirini, Maji Maji. Sura ya Waingereza: udhamini, machifu, pamba. Katikati kuna vita moja, timu hii inatoka uwanjani, ile inaingia. Swali la mtihani lilikuwa "tofautisha", na tulitofautisha hadi wino ukaisha. Hakuna aliyetuuliza siku hata moja wale watu walikuwa wakiambizana nini.

Nilipofika chuo nikachagua "Wajerumani", kama mtu anavyochagua Simba au Yanga. Nikaandika rasimu ndefu juu ya pwani ya Tanga. Mwalimu aliyenisimamia aliirudisha na mstari mmoja wa penseli pembeni: barua zote hizi umemsoma anayeandika tu, je, anayeandikiwa? Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaanza upya, safari hii nikifuata kitu kimoja tu, tena cha kimaskini kabisa: pesa zilikwenda wapi.

Pesa zenyewe ni maki milioni 4. Katika kila kitabu cha ukoloni wa Kijerumani utazikuta. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kumlipa Sultani wa Zanzibar maki milioni 4, sawa na kama pauni 200,000 za wakati ule, ili pwani ya kutoka Umba hadi Ruvuma, ambayo kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeikodi tu, iwe mali yake moja kwa moja. Aya huishia hapo. Nami kwenye rasimu yangu niliweka nukta hapohapo, nikaenda mbele. Mchuuzi wa mihogo asingeweka nukta hapo. Angeuliza: haya, mzee kalipwa, kisha?

Kabla ya kisha, lakini, kuna kabla.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mizinga ikiwa imeelekezwa barazani. Peters alikuwa amekusanya mikataba yake ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884, Kaisari akaibariki Februari 1885, na Barghash alikuwa amethubutu kupinga kwa simu ya maandishi. Pamoja na meli hizo alikuja dada yake mwenyewe, Sayyida Salme, ambaye kwa Wajerumani alikuwa Emily Ruete, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg. Uwepo wake ulikuwa tishio la pili baada ya mizinga. Haya tuliyasoma. Ambalo hatukulisoma ni alichokuwa akikifanya Mwingereza siku hizo.

Balozi wa Uingereza Zanzibar alikuwa John Kirk. Kwa miaka alikuwa akimshika Barghash mkono na kumwambia London ni rafiki. Ni kwa ushawishi na vitisho vyake Barghash alifunga soko la watumwa mwaka 1873. Sasa maagizo yakamjia kutoka London: mshauri Sultani akubali. Sababu haikuwa Zanzibar wala Usagara. Ilikuwa Misri. Waingereza waliikalia Misri tangu 1882, na deni la Misri lilisimamiwa na tume ya madola ya Ulaya ambamo Ufaransa ilikuwa imekasirika. Uingereza ilimhitaji Bismarck kwenye hesabu za Cairo, na Bismarck alijua bei ya kutaja. Kwa hiyo kijiji cha Usagara kilikuwa kinalipia deni la Nile, na wenye kijiji hawakuwahi kuiona Nile wala lile deni.

Nilipolielewa hilo nilifunga jalada nikatoka nje kununua maji. Si kwamba ni siri, limo vitabuni. Ni kwamba limo kwenye vitabu vya Misri.

Kisha ikaja tume ya mipaka. Makamishna watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa, walipita pwani kuuliza Sultani anatawala mpaka wapi. Mwingereza alikuwa Kitchener, yuleyule atakayekuja kupiga vita Sudan na Afrika Kusini. Sultani mwenyewe hakuwa na kiti ndani ya tume inayopima nchi yake. Mwishowe walimwachia kile tu ambacho wote watatu walikikubali: visiwa, na ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni. Maili 10! Kana kwamba misafara ya Tabora na Ujiji ilikuwa ikipita angani. Kwa makubaliano ya Oktoba na Novemba 1886 London na Berlin wakagawana bara lililobaki kwa mstari mmoja: uanzie mlango wa mto Umba, uende ziwa Jipe, uzunguke kaskazini ya Kilimanjaro, uishie Ziwa Viktoria kwenye nyuzi 1 kusini. Baadaye mwanzo wake ulisogezwa kidogo hadi Ras Jimbo. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakalala nchi moja wakaamka mbili.

(Naomba nilitoe hili moyoni. Hadithi kwamba Malkia Viktoria alimpa mjukuu wake Kaisari mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa si kweli. Mlima ulikuwa upande wa Kijerumani tangu mstari wa 1886, na mjukuu huyo alitawazwa 1888. Naielewa raha ya kuihadithia, watalii wanaipenda. Lakini inaufanya mgawanyo uonekane mambo ya kifamilia, na haukuwa hivyo.)

Turudi kwenye milioni nne. Julai 1, 1890 Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba ule maarufu wa Heligoland. Watu husema Zanzibar ilibadilishwa na Heligoland, kijisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba mbili. Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kubadilisha. Ilichokitoa ni madai: iliachia Witu, usultani mdogo wa karibu na Lamu, iliachia mbio za Uganda, ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Uingereza nayo ikaahidi kumshawishi Sultani auze pwani ya kusini. Neno "kumshawishi" limo katika mantiki ya mkataba kama kwamba ni jambo la hiari.

Hapo Mfaransa akagonga mlango. Mwaka 1862 Ufaransa na Uingereza waliahidiana kwa maandishi kuuheshimu uhuru wa watawala wa Zanzibar na Muskati. Ujerumani nayo ilijiunga na ahadi hiyo mwaka 1886, ndani ya makubaliano yaleyale yaliyommega Sultani; nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa na bado hunichekesha kicheko kibaya. Sasa Mfaransa anauliza: na ahadi yetu? Agosti 1890 akatulizwa: Uingereza ikatambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska na eneo kubwa la Sahara. Ahadi ya kulinda uhuru wa nchi moja ikalipiwa kwa uhuru wa nyingine. Ukiisoma historia ya Madagaska peke yake, mwaka 1890 unaonekana kama radi ya kiangazi. Wingu lilikuwa limetanda Unguja.

Na zile pauni 200,000? Hazikumwagwa mikononi mwa Sultani. Zilitunzwa chini ya macho ya Waingereza. Upande wa kaskazini wa pwani, kutoka Umba hadi Kipini, kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon, Imperial British East Africa, ilikuwa imeukodi kwa Sultani. Kampuni ilifilisika polepole kule bara, ikiuguza ndoto ya Uganda, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaamua kuichukua nchi yenyewe. Kampuni ilipwe nini? Pauni 250,000. Na kati ya hizo, 200,000 zikatolewa katika fedha za Sultani, zilezile zilizotoka kwa Wajerumani.

Niliposhika hapo nilichukua karatasi nikachora, kama anavyochora fundi wa bomba. Sultani anauza kusini kwa Mjerumani. Fedha ya kusini inatumika kuikomboa kaskazini, iliyokuwa yake, kutoka kwa kampuni ya Kiingereza aliyoikodisha yeye mwenyewe. Kisha kaskazini hiyohiyo anaikodisha serikali ya Kiingereza. Kodi ya mwaka: pauni 11,000 za pango, na pauni 6,000 ambazo ni riba ya asilimia 3 kwa zile 200,000, jumla 17,000. Na waziri mkuu wa Sultani wakati huo, aliyemshauri kuhusu haya yote, alikuwa Lloyd Mathews, Mwingereza.

Kule kwetu wanawake wana mchezo wa kibati: kila mmoja anatoa, zamu inazunguka, wiki hii mama Fulani, wiki ijayo mwingine. Nilitaka kuufananisha huu na kibati, nikaona nawatukana akina mama. Katika kibati kila mtu hutoa fungu lake. Hapa mtu mmoja ndiye aliyekuwa akitoa, na zamu haikumfikia.

Kwa hiyo ninaposema ninasoma jinsi madola yalivyohusiana, sisemi mikutano ya Berlin na makaisari wenye masharubu. Nasema mambo ya namna hii: hesabu ambayo nusu yake iko kwenye daftari la Wajerumani, nusu kwenye la Waingereza, na jumla yake haiko kwa yeyote. Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, majalada ya Kijerumani yanaanza na herufi G. Ya Zanzibar yako Kilimani. Unasoma huku unaona swali, unavuka bahari kutafuta jibu. Boti inayumba, unajuta, unafika.

Ukishaanza kusoma hivyo, hata vita hubadilika sura. Mfano ule wa Pangani. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kushika ushuru wa pwani, ikadharau bendera ya Sultani na maliwali wake, watu wakainuka, Abushiri bin Salim upande wa Pangani, Bwana Heri Saadani. Tumezoea kuiita vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Lakini tangu Desemba 1888 pwani ilizingirwa na manowari za Kijerumani na za Kiingereza pamoja, kwa jina la kuzuia watumwa na silaha. Berlin iliuita mwinuko ule "maasi ya Waarabu", jina lililouzika vizuri Ulaya, ambako kampeni ya kupinga utumwa ilikuwa imewaka. Wapagazi na wakulima waliokuwemo vitani jina hilo liliwafuta. Na jeshi la Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Berlin kuuzima mwinuko huo, lilikuwa la nani? Wasudani kama 600 walioandikishwa Cairo, katika Misri iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, na vijana walioitwa Wazulu kutoka Inhambane, kwa Wareno. Wajerumani wa kweli walikuwa wachache. Yaani "vita vya Wajerumani" visingepiganwa bila Mwingereza na Mreno kufungua milango yao.

Desemba 1889 ni mwezi ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii, kama mtu anaweza kuupenda mwezi wa namna ile. Tarehe 4 Stanley, yule msafiri mpelelezi, anaingia Bagamoyo akiwa na Emin Pasha. Hesabu nami: Emin ni Mjerumani, aliyekuwa gavana wa Misri kusini ya Sudan, anayeokolewa na msafara uliolipiwa kwa fedha za Waingereza na za Misri, uliopita katika Kongo ya mfalme wa Ubelgiji, kwa makubaliano na Tippu Tip wa Zanzibar, mizigo vichwani mwa watu wa Unguja na mrima. Wissmann anawaandalia karamu. Usiku huo Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, anaanguka kutoka ghorofani na kuumia kichwa. Siku kumi na moja baadaye, pwani hiyohiyo, kaskazini kidogo, Abushiri ananyongwa Pangani. Mwaka uliofuata Emin akarudi bara, safari hii kwa utumishi wa Wajerumani. Na wale askari wa Kisudani aliowaacha kule maziwani? Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa kampuni ile ya Mackinnon, aliwachukua kuwatumikisha Uganda upande wa Mwingereza. Ndiyo, wengi wa Wanubi wa Kibera, Nairobi, wana mizizi katika kisa hiki.

Au Witu. Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, alimchukia Sultani wa Zanzibar, akawapokea Wajerumani ili wawe ngao yake. Si mjinga, alicheza karata aliyokuwa nayo, kama Barghash alivyocheza ya Kirk. Wakati huohuo, mwaka 1885, Barghash alimtuma Mathews hadi Kilimanjaro akakusanye saini za wamangi, machifu wa Wachaga. Kila mtu alikuwa akijaribu kumtumia mzungu mmoja dhidi ya mwingine, na ilifaa hadi siku wazungu wenyewe walipoelewana. Kwa Witu siku hiyo ilikuwa Julai 1890, Wajerumani walipoikabidhi kwa Uingereza bila hata kuwaaga wenyeji. Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa pale, kwa hasira za kusalitiwa na mengine. Oktoba ikaja adhabu. Nani aliyeiteketeza Witu? Admirali Fremantle, Mwingereza, kulipiza damu ya Wajerumani.

Sitaki mtu anielewe kwamba walipendana. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani wa Zanzibar bila idhini ya Waingereza, aliposhindwa vita vya dakika chini ya hamsini, Agosti 27, 1896, alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Wajerumani walikataa kumtoa. Waingereza wakaweka askari nje wamngoje akanyage ardhi ya Zanzibar. Oktoba 2, maji yakiwa yamejaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea hadi ukutani kwa ubalozi, Khalid akapanda bila mguu wake kugusa udongo wa Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Ukitaka kujua ujanja wa wanasheria wa dola, soma ratiba ya maji kujaa na kupwa. Waingereza walimpata 1916, vita vikubwa vilipokuwa vimevunja adabu zote, wakampeleka uhamishoni, Saint Helena na Visiwa vya Shelisheli. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Adabu, ndilo neno ninaloliona likirudi. Walikuwa na adabu kubwa sana wao kwa wao. Walipeana taarifa, walisubiriana, walifidiana. Hata fedha: kampuni ya Kijerumani ilipotaka sarafu yake mwaka 1890, ilitengeneza rupia yenye uzito wa rupia ya India ya Mwingereza, kwa sababu wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani wasingepokea kitu kingine, na rupia moja ikawa pesa 64, kama kule India. Baadaye serikali ya Kijerumani ikaigawa rupia katika heller 100. Wajerumani waliondoka, rupia ikaondoka, heller ikabaki midomoni mwetu Watanzania: hela. Ng'ambo ya mpaka hawaisemi sana. Wao ni pesa.

Safari iliyopita nilimsimulia mjomba habari za milioni nne, mwanzo hadi mwisho, na ile karatasi yangu ya fundi bomba nikaitandaza juu ya mkeka. Aliitazama muda mrefu. Akauliza pango la Vanga lililipwa hadi lini. Nikamwambia hadi 1963, hadi Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipokubaliana Oktoba mwaka ule ukanda uingie Kenya. Mkewe akadakia kutoka jikoni kwamba yeye anakumbuka makelele ya Mwambao, ya waliotaka pwani ijitenge na Kenya, watu walikuwa hawasalimiani. Mjomba hakusema kitu. Aliikunja karatasi, akanirudishia, akaingia ndani.

Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye mashua na kifurushi cha pweza mkavu cha kumpelekea mama. Akanitia noti mkononi, shilingi za Kenya, za nauli.

"Shika pesa hizi," akasema. "Ukipita mikoko ile zitageuka hela."

Nahodha akasukuma mti, tukaondoka.